Namna ya kumsaidia mtafiti wa afya wa kijijini kwenye takwimu

Simu huwa inakuja jioni, mtandao ukiwa umetulia. Ni tabibu wa kituo cha afya, au muuguzi anayesomea uzamili huku anashika zamu. "Kaka, data ninazo tayari. Nisaidie tu uchambuzi, nawasilisha wiki ijayo." Hilo neno "tu" ndilo lenye mzigo wote. Ukifungua faili unakuta safu ya umri ina "mtu mzima", safu ya tarehe ina miezi 14, na swali lenyewe la utafiti limebadilika mara mbili njiani.

Vituo vikubwa havina shida hiyo. Ifakara pamefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu 1996 kaya za Kilombero na Ulanga zimekuwa zikifuatiliwa kwa vizazi, vifo na kuhama. Kilifi, Kenya, nao wana mfumo kama huo tangu 2000. Huko kuna idara nzima ya data. Mwongozo huu ni wa wewe mtakwimu unayemsaidia mtu mmoja mwenye kompyuta moja, pikipiki ya kuazima na bajeti ya kubana. Mifano mingi nimeitoa bonde la Kilombero kwa sababu ndiko nilikokosea zaidi.

Hatua ya 1. Swali kwanza, faili baadaye

Kabla hujatumiwa chochote, muulize: "Jibu likija asilimia 20 utafanya nini? Likija 60 je?" Kama atafanya jambo lilelile, swali halijaiva na hakuna hesabu itakayoliivisha. Kisha mwambie achore kwa mkono jedwali moja tupu la matokeo, lenye vichwa vya safu na mistari bila namba. Jedwali hilo hufichua mengi kuliko pendekezo la kurasa 40. Mara nyingi atagundua mwenyewe kwamba kuna safu ambayo hakupanga kabisa kuikusanyia taarifa.

Papo hapo kubalianeni nani anafanya nini, lini, na kama jina lako litakuwemo kwenye makala. Andikeni, hata kama ni ujumbe wa simu. Urafiki mwingi umevunjikia hapo.

Hatua ya 2. Ukubwa wa sampuli, na hesabu ambayo wengi huiruka

Fomula anayoijua kila mwanafunzi hutoa watu 385. Hao wanatosha kukadiria jambo linalowapata nusu ya watu, kwa uhakika wa asilimia 95, kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini. Namba hiyo imezagaa kwenye tasnifu kama dagaa sokoni. Lakini fomula inadhani umewachota watu mmoja mmoja kutoka wilaya nzima, kama karata zilizochanganywa vizuri. Kijijini hakuna anayefanya hivyo. Unateua vijiji, halafu kaya ndani ya kila kijiji, na majirani hufanana: wanachota kisima kimoja, wanaumwa na mbu wa bonde moja, wanatibiwa zahanati moja. Mtu wa 20 utakayemhoji pale pale hakuongezei habari kama alivyokuongezea wa kwanza.

Kwa hiyo 385 izidishe kwa athari ya muundo, yaani namba inayosema sampuli ikuzwe mara ngapi kwa kuwa watu wamechotwa kijiji kwa kijiji. Kanuni yake: chukua idadi ya watu utakaowahoji kila kijiji, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa watu wa kijiji kimoja (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni wanafanana kabisa), kisha jumlisha 1. Ukihoji watu 20 kila kijiji na kufanana kukawa 0.05, unapata 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Mara 385 ni 751. Ukitarajia mmoja katika kila 10 atakosekana au atakataa, gawanya kwa 0.9. Inakuja 835, yaani vijiji 42.

Hapo simu hukaa kimya kidogo. Kisha: "Mafuta yanatosha vijiji 10 tu. Tuhoji watu 80 kila kijiji, si itakuwa 800?"

Itakuwa 800 kwenye karatasi. Piga hesabu: 1 + 79 × 0.05 = 4.95, na 800 ukigawa kwa 4.95 unabaki na kama watu 162. Jasho la kuhoji watu 800 limekupa habari za watu 162, na kosa lako limepanda hadi karibu asilimia 8 juu na chini. Linganisha na vijiji 20 vya watu 25: ni watu 500 tu, athari ya muundo ni 2.2, na habari ni sawa na za watu 227. Umehoji wachache na umejua zaidi. Mwonyeshe mtafiti hesabu hii kwa kalamu, polepole, yeye mwenyewe akibonyeza kikokotoo. Akishaiona hana haja ya kukuamini, na bajeti huanza kusogea kutoka posho za siku nyingi kijijini kwenda mafuta ya kufika vijiji vingi.

Hiyo 0.05 usiitoe hewani. Itafute kwenye tafiti za jambo lilelile katika mazingira yanayofanana. Vitu vinavyotegemea zahanati moja au kisima kimoja hufanana sana ndani ya kijiji. Vitu vya mtu binafsi, kama shinikizo la damu, hufanana kidogo.

Halafu uliza msimu. Katika bonde la Kilombero familia nyingi huhamia mashambani wakati wa mpunga na kulala kwenye vibanda mbali na kijiji. Mdadisi akienda miezi hiyo atakuta kufuli. Akiruhusiwa "kuchukua kaya ya jirani", sampuli yako itajaa wenye maduka, watumishi na wazee, watu ambao hawakulala kibandani na hawakuumwa na mbu wa shambani. Weka sharti: kaya iliyofungwa irudiwe, mara tatu kama inawezekana, na kama hawakupatikana iandikwe hivyo. Orodha ya kaya kutoka kwa mtendaji nayo ikaguliwe na wenyeviti wa vitongoji. Wafugaji waliohamia pembezoni mara nyingi hawamo.

Hatua ya 3. Kaa na dodoso kabla halijaenda popote

Wengi wetu tunadhani dodoso ni kazi ya mtafiti na yetu inaanza likirudi. Nimeacha kudhani hivyo. Madodoso mengi huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya kamati ya maadili, kisha hutafsiriwa usiku mmoja. Matokeo yake ni maswali kama "Una watoto wangapi?" Mama atahesabu na wa marehemu dada yake anaowalea, na kwake ni jibu sahihi kabisa. Kama unataka uzazi, uliza "watoto uliowazaa wewe mwenyewe", kisha walio hai, kisha waliofariki, hata aliyeishi siku moja. Kama unataka kaya, uliza wanaokula chungu kimoja.

Magonjwa yana majina yake. Tafiti za Bagamoyo na Ifakara zilishaonyesha kwamba kwa watu wengi degedege si malaria. Ni ugonjwa wake, wenye asili yake na mganga wake. Ukiuliza "Mtoto aliugua malaria?" mama wa mtoto aliyetetemeka na kukakamaa atajibu hapana, na hakudanganyi. Uliza dalili moja moja.

Umri wa wazee usiutake kwa namba. Utapewa 60, 65, 70, na mchoro wako utakuwa na vilima kwenye sifuri na tano. Tengeneza kalenda ya matukio: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978, mvua za El Niño 1997, kifo cha Mwalimu 1999. Ongeza ya pale pale, kama mwaka zahanati ilipofunguliwa au mafuriko yaliyobeba daraja. "Wakati wa vita vya Kagera ulikuwa umeshaolewa?" Swali hilo linajibika.

Na saa. Nilikaa siku mbili na faili la wodi ya uzazi nikitafuta kwa nini zahanati moja ina uchungu mrefu kuliko zote. Mstari mmoja ulisema mama kaingia 22:00, kajifungua 9:00. Saa 11. Nikaomba picha ya daftari. Muuguzi wa zamu ya jioni aliandika 22:00 kwa mtindo wa chuoni. Aliyempokea zamu aliandika "9 usiku", kwa saa yetu, na aliyeingiza data akaona neno "usiku" halina nafasi kwenye safu akaliacha. Saa tisa usiku ni 03:00. Uchungu ulikuwa wa saa 5. Tangu hapo kila dodoso langu lina saa kwa namba za Kiswahili na kando yake chaguo moja la lazima: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. Kugeuza kuwa mfumo wa saa 24 ni kazi ya programu baadaye, mdadisi asiguse.

Vipimo navyo viwe na vizingiti ndani ya fomu. Mzunguko wa mkono wa mtoto mmoja huandikwa 12.5, wa mwingine 125, kwa sababu mkanda una sentimita na milimita. Chagua kimoja, fomu ikatae kingine. Wingi wa damu (hemoglobini) ya mjamzito uandikwe kwa gramu kwa desilita. 112 ikataliwe, 11.2 ipite.

Hatua ya 4. Vishikwambi na majaribio

Baada ya sensa ya 2022 huna haja ya kumweleza mtu kijijini kishikwambi ni nini. ODK na KoboToolbox, programu za kujazia dodoso kwenye kifaa, hufanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, hazitoi pesa mfukoni kwa kazi ndogo, na hufungua kwenye simu ya kawaida ya Android. Fomu zipakuliwe mjini kabla ya kuondoka. Tarehe na saa ya kila kifaa zikaguliwe asubuhi, kwa sababu kifaa kilichozimika siku nyingi kinaweza kuamka na tarehe ya ajabu. Bebeni chaja za kubebeka na karatasi chache za akiba.

Majaribio yafanyike kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli, na nenda nawe. Kama huwezi, omba data za siku ya kwanza usiku uleule na uzipitie kabla timu haijalala. Kosa la siku ya kwanza hurekebishwa kwa simu moja. Likifika siku ya kumi, utalikuta kwenye sura ya mapungufu ya utafiti.

Hatua ya 5. Data za madaftari ya kituo

Watafiti wengi wa vijijini hawana pesa ya kuhoji mtu. Wanatumia madaftari ya MTUHA, yaani ya mfumo wa taarifa za huduma za afya, mathalani namba 5 la wagonjwa wa nje, au takwimu za mwezi zilizokwisha kuingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta unaopokea ripoti za vituo. Ni data nzuri kuliko sifa zake, ukijua kuzisoma.

Jambo la kwanza ni sifuri. Sifuri inaweza kumaanisha hakukuwa na mgonjwa, au hakukuwa na kipimo, au muuguzi alikuwa semina, au ripoti haikuletwa na mtu akajaza nafasi. Kamwe usichore mstari wa malaria bila kuchora pembeni yake idadi ya vipimo vilivyofanyika. Kipimo cha haraka kikiisha, wagonjwa hawaishi. Wanahama kutoka safu ya malaria iliyothibitishwa kwenda safu ya waliotibiwa kwa dalili. Kwa hiyo chukua safu zote mbili, na omba leja ya stoo ya dawa na vitendanishi. Leja hiyo haimo kwenye pendekezo la mtu yeyote, na ndiyo inayoeleza nusu ya mabonde na vilima utakavyoviona.

La pili, linganisha daftari na ripoti kwa miezi michache. Keti na muuguzi, hesabuni mistari ya mwezi mmoja kwa kidole. Zikitofautiana kidogo, sawa. Zikitofautiana sana, ulizeni kwa upole nani alijumlisha na lini. Mara nyingi ni mtu mmoja, zamu ya pili, saa nne usiku, kwa mwanga wa simu.

Hatua ya 6. Kusafisha

Faili la asili halifunguliwi kwa ajili ya kuhaririwa. Linakiliwa, linafungwa. Mabadiliko yote yaandikwe kama amri kwenye programu za takwimu, R au Stata, kila moja na sababu yake, ili mwezi ujao muweze kurudia. R haina malipo, na kwa mtu ambaye leseni yake itaisha akimaliza chuo, hilo ndilo linaloamua.

Excel itakufanyia mambo matatu bila kukuuliza: itageuza 03/04 kuwa Machi au Aprili kulingana na kompyuta ilivyopangwa, itakula sifuri ya mwanzo kwenye namba za utambulisho, na itamruhusu mtu kupaka rangi badala ya kuandika. "Wenye njano ni wale waliohama." R haioni njano. Tafuta pia 99 na 999 zilizomaanisha "hajui"; ukiziacha, wastani wa umri unapaa.

Kuunganisha mtu wa daftari la kliniki ya wajawazito na mtu wa daftari la leba ni kazi ya peke yake. Hamisi ni Khamis, Mwajuma ni Mwanajuma, l na r hubadilishana viti, na mama aliyeandikwa kwa jina lake kliniki anaweza kuja kujifungua kama Mama Asha. Usitegemee jina peke yake. Tumia jina, kitongoji, umri wa karibu na tarehe ya hedhi ya mwisho kwa pamoja, kisha zile jozi zenye utata mpe mtu wa pale aamue kwa macho. Mhudumu wa afya wa jamii humaliza kwa asubuhi moja kilichokushinda wiki nzima.

Baada ya kuunganisha, majina yaondoke. Faili lenye majina na namba libaki mahali pamoja penye nenosiri, lisisafiri kwa WhatsApp hata kama "ni haraka". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na kijijini kuna sababu iliyo karibu zaidi: kitongoji ni kidogo. Mwanamke wa miaka 43 mwenye mapacha anayetumia dawa za kufubaza virusi hahitaji jina. Ukitaja kitongoji, wote wamemjua. Weka umri kwa makundi, taja kata badala ya kitongoji, na seli ya jedwali yenye watu wachache mno iunganishwe na jirani yake.

Hatua ya 7. Uchambuzi

Hapa nitakwenda haraka, maana kama hatua za nyuma zimefanyika, kazi ni ndogo. Rudi kwenye jedwali tupu la hatua ya kwanza na lijaze. Kama sampuli ilikuwa ya vijiji, programu iambiwe hivyo. Amri za tafiti za makundi zimo R na Stata. Vijiji vikiwa vichache, sita au saba, usijenge modeli ya ghorofa tatu juu yake. Toa makadirio na mipaka yake, usitupe thamani ya p (kipimo cha kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) peke yake kama jiwe gizani. Na ukijaribu vigezo 20, kimoja kitameremeta kwa bahati tu. Mwambie mtafiti mapema, kabla hajakipenda.

Siku hizi huombwa pia "tuweke akili bandia". Kwa faili la mistari 300 jibu langu ni hapana, na huwa naandaa rigresheni ya logistiki, njia ya kawaida ya kuchambua majibu ya ndiyo au hapana, ambayo mtafiti anaweza kuitetea mbele ya wasimamizi wake. Mashine ya kujifunza ina kazi yake pale penye rekodi nyingi, kama takwimu za mwezi za vituo vyote vya mkoa kwa miaka kadhaa, na hata pale anza kwa kuuliza nani atatumia utabiri huo Jumatatu asubuhi.

Matokeo mwandikie kwa sentensi zinazosemeka: "Kati ya kila watoto 100, kama 18 hawakukamilisha chanjo, huenda ni wachache kama 13 au wengi kama 23." Akiweza kuirudia bila kusoma, kazi yako imeeleweka.

Hatua ya 8. Rudisheni matokeo, ikiwezekana kabla ya kuyaandika

Mwaka mmoja tulichapa mchoro wa malaria wa zahanati kwa miezi 12, karatasi moja, herufi kubwa. Mtafiti alikuwa ameshaandika aya nzuri kuhusu anguko la Aprili, kwamba vyandarua vilivyogawiwa Machi vimefanya kazi. Mimi nilishaikagua hesabu na kuipitisha. Tulipofika, muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alituitikia shikamoo zetu, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye Aprili.

"Hapa pana nini, wanangu?"

Tukaeleza vyandarua.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Aprili barabara ilikatika. Vipimo viliisha tarehe mbili, na vingine vimeletwa na mtumbwi mwezi wa tano. Wagonjwa walijaa mpaka huku nje." Akaingia stoo, akatoka na leja, akaifungua kwenye benchi la wagonjwa na kutuonyesha mstari.

Aya ya vyandarua ikafutwa pale pale, na kwenye mwongozo wangu hatua ya tano ikaongezwa leja ya stoo. Sasa mchoro wa kwanza, hata ukiwa wa penseli, naomba upelekwe zahanati wiki ya pili ya uchambuzi. Nauli yake iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwenye mstari wake, isifichwe ndani ya "mengineyo", maana mengineyo ndiyo hukatwa kwanza.